Fundi Akujibu: Kadi za Memori Zisizo na Kitabu

Barua za mwezi huu zimejaa kadi za zamani za kuongezea memori. Nyingine zimetoka kwenye kompyuta za ofisi zilizopigwa mnada, nyingine kwenye msaada ulioletewa shule miaka ya nyuma, nyingine kwenye magunia ya vyuma chakavu. Hakuna hata moja iliyokuja na kitabu chake. Jambo moja kabla ya majibu, ili tusirudierudie: tukitaja A au B pamoja na nambari, tunamaanisha vidole vya dhahabu vinavyoingia kwenye sloti. Upande A ni ule wenye chipu, upande B ni wa solda, na nambari 1 iko karibu na bati la nyuma la kadi.

SWALI: Fundi, hujambo. Nimepata kadi ndefu ndani ya kompyuta ya XT (aina ya zamani ya IBM PC) iliyouzwa na ofisi moja hapa mjini. Bodi kuu ina KB 256. Kadi ina chipu 54 zilizopangwa safu sita, swichi ndogo nane, na tundu la nyuma la pini 25. Jina la kampuni halipo popote. Nitajuaje ni ya nini, na swichi nizipange vipi? – Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Achana na jina kwanza, anza na chipu. Chipu 54 kwa safu sita ni tisa kila safu: nane zinashika biti za data, ya tisa ni ya pariti, yaani ya kukagua kama hizo nane zina kosa. Sasa soma maandishi ya mgongoni. Ukiona 4164, HM4864 au MB8264, hizo ni za kilobiti 64, na safu moja inatoa KB 64. Safu sita ni KB 384, ambazo pamoja na 256 za bodi zinatimiza 640 barabara. Ukiona 41256, HM50256, MB81256 au MT1259, hizo ni za kilobiti 256, na safu moja ni KB 256. MT4264 ya Micron isikudanganye. Bado ni ya 64. Tarakimu za baada ya kistari ni kasi: -20 ni nanosekunde 200, -15 ni 150, -12 ni 120. Nambari nne zilizokaa peke yake, mathalani 8437, ni tarehe ya kiwanda: wiki ya 37 ya mwaka 1984.

KB 384 na tundu la pini 25 kwenye bodi moja ni mtindo wa AST SixPakPlus, na viwanda vingi viliuiga bila kuandika jina. Ulikuwa unapata memori, saa, siriali na printa kwa sloti moja. Tundu lenye pini zilizochomoza ni la siriali, na karibu nalo utakuta chipu 8250 au 16450 pamoja na 1488 na 1489. Lenye mashimo ni la printa. Kristali ya 32.768 kHz kando ya betri ni ya saa. Ikiwa betri ni ile ya kulehemiwa na imetoa unga wa kijani, ikate leo hii, sugua pale kwa mswaki na siki, suuza kwa maji safi, kisha malizia na spiriti ya duka la dawa. Uchafu huo hula njia za shaba hata kadi ikiwa kabatini.

Swichi sasa. Kadi lazima ianzie pale bodi inapoishia, na kwa bodi yako ni anwani 40000 kwa hesabu ya heksa (msingi wa 16). Kadi za aina hii hukata memori vipande vya KB 64, na kipande huchaguliwa na nyaya nne za juu za anwani: vidole A12, A13, A14 na A15, ambavyo ni anwani 19, 18, 17 na 16. Weka mita kwenye alama ya mlio. Upande mmoja wa swichi kwa kawaida wote umeunganishwa na B1, yaani ardhi. Fuata upande wa pili, swichi moja moja, uone unaishia kwenye chipu gani. Zinazokwenda kwa chipu za siriali au printa ziache. Zikifika nne kwenye 74LS85, ambayo kazi yake ni kulinganisha biti nne, umepata swichi za anwani ya mwanzo. Hapo ON huwa ni sifuri na OFF ni moja, kwa hiyo kipande cha 4, yaani 0100, ni ON zote isipokuwa ile ya anwani 18. Upande mwingine wa 74LS85 utakuambia ni ipi, japo pengine mstari unapitia 74LS244 (chipu ya kupitisha ishara) njiani na mita haitalia moja kwa moja.

Zikiingia kwenye PAL au PROM, macho na mita havitasaidia, maana mantiki imechomwa ndani. Lakini usikate tamaa. Swichi nne zina mipangilio 16 tu. Andika kila mmoja kwenye karatasi, washa, tazama memori inayohesabiwa. Mpangilio unaohesabu hadi 640 bila kosa ndio wenyewe. XT halisi, 5160, hujihesabia yenyewe. IBM PC ya kwanza, 5150, haijihesabii: lazima SW2, kundi la swichi la bodi kuu, liambiwe jumla, na BIOS zake (programu ya kuwashia iliyo ndani ya chipu) za 1981 zinakomea KB 544. Ile ya tarehe 27 Oktoba 1982 ndiyo inafika 640.

Na kabla mtu hajakushauri ung'oe 4164 uweke 41256, pima mguu wa 1 wa soketi za safu moja. Kwenye 4164 mguu huo hauna kazi. Kwenye 41256 ndio waya wa tisa wa anwani. Ikiwa miguu yote ya 1 imeunganishwa pamoja, mbunifu alitayarisha nafasi ya chipu kubwa, na mahali fulani kuna jampa yake, yaani pini za kuunganishwa kwa kifuniko kidogo. Ikiwa inaning'inia, chipu kubwa haitakuongezea chochote.

SWALI: Mafundi, kadi yangu nikiitia, kompyuta haiwaki. Feni inaruka mara moja halafu inasimama. Nikiitoa, inawaka sawa. Je, imekufa? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, kilichokufa karibu hakika ni kapasita moja ya tantalamu, zile zenye umbo la tone, za njano, buluu au rangi ya chungwa. Zikizeeka hushoti, na pawa saplai ikihisi shoti hujizima. Hiyo ni bahati, kwa sababu isingejizima kapasita ingewaka moto na kuacha shimo jeusi kwenye bodi.

Toa kadi mezani, weka mita kwenye omu, kidole kimoja cha mita kwenye B1. Gusa B3 (+5), B5 (−5), B7 (−12) na B9 (+12) kwa zamu. Kwenye +5 unaweza kusoma makumi au mamia ya omu, hiyo ni kawaida kwa chipu nyingi. Kwenye 12 usitarajie chini ya mamia. Ukisoma omu moja au mbili, shoti iko kwenye njia hiyo, na kwa mazoea huwa ni ya 12, kwani viwanda vingi viliweka tantalamu za volti 16 hapo, akiba ndogo mno. Inua mguu mmoja wa kila kapasita ya njia hiyo mpaka shoti ipotee.

Weka mbadala wa mikrofaradi zilezile, volti 25 au zaidi. Kapasita ya kawaida ya kopo inafaa kabisa. Angalia sana alama: mstari kwenye tantalamu ya kisanduku unaonyesha chanya, lakini mstari kwenye ya kopo unaonyesha hasi. Na kwenye njia ya −12, chanya ya kapasita huenda kwenye ardhi. Hapo ndipo wengi hukosea, kisha hulaumu kapasita kwamba ni bandia.

Kama mashine yenyewe ilitoka Marekani, tazama pia swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai. Stima yetu ni volti 240. Swichi ikikaa kwenye 115, kadi itakuwa shida ndogo kuliko zote.

SWALI: Nina XT ya 8088 yenye KB 640 kamili. Nimepata kadi Kibuye kwa bei ya chuma. Ina chipu 36 za 41256 na jampa nyingi. Kompyuta inawaka lakini inahesabu 640 vilevile. Nikiweka EMM386 inakataa. Niirudishe? – Fundi redio, Kondele, Kisumu

JIBU: Usiirudishe, fundi mwenzetu. Safu nne za tisa, KB 256 kila moja, ni MB 1 nzima, na prosesa yako ya 8088 haina mahali pa kuiweka. Nyaya zake za anwani ni 20 tu, mwisho wake ni MB 1, na ndani yake KB 384 za juu ni za kioo, diski na BIOS. Kadi kama hiyo kwenye XT inaingia kwa mlango mwingine: EMS. Memori inakaa pembeni, na kompyuta inaichungulia kupitia dirisha la KB 64 lililogawanywa kurasa nne za KB 16. Kanuni hiyo ilitolewa na Lotus, Intel na Microsoft. Toleo la 3.2 ni la 1985, la 4.0 ni la 1987.

EMM386 inakataa kwa haki. Inahitaji prosesa ya 386, na kazi yake ni kuigiza EMS kwa memori ya kawaida ya 386. Haiendeshi kadi yoyote. HIMEM nayo inataka 286 kwenda juu. Zisahau zote mbili.

Tafuta kwenye kadi chipu iitwayo 74LS670. Hiyo ina vijisanduku vinne vya biti nne nne, vinne kwa sababu kurasa ni nne. MB 1 ni kurasa 64, zinazohitaji biti sita, na biti moja ya kufungua dirisha: saba. Kwa hiyo utakuta 74LS670 mbili, biti nane. Biti ya nane inaruhusu kurasa 128, yaani MB 2, na ndiyo maana kadi nyingi za enzi hizo zinakomea hapo. Ukikosa 670 na badala yake kuna vichipu vya memori tuli vya kasi na PAL kadhaa, pengine ni ya toleo la 4.0, na kuisoma kwa mita ni kazi ndefu zaidi.

Ukishika 670, miguu ya 5 na 4 inachagua kijisanduku wakati wa kusoma. Inatakiwa ifike kwenye vidole A17 na A16, yaani anwani 14 na 15, kwa kuwa ukurasa ni KB 16. Kisha pima miguu ya 14 na 13, ya kuandikia. Ikiwa nayo inaelekea A17 na A16, milango ya kadi (anwani ambazo prosesa huipelekea kadi amri) iko mbalimbali: mathalani 258, 4258, 8258 na C258. Ikiwa inaelekea A31 na A30, milango inafuatana: 260, 261, 262, 263. Tofauti hii ndiyo inayofanya dreva (programu ya kuiendesha) ya kadi moja ikatae kadi nyingine, hata zikifanana kama mapacha.

Milango ya msingi iliyozoeleka kwa kundi la kwanza ni 208, 218, 258, 268, 2A8, 2B8 na 2E8. Hiyo ya mwisho iepuke ikiwa una COM4 (siriali ya nne), kwani ni mlango uleule. Washa DOS, fungua DEBUG, na ujaribu hivi, ukidhania mlango 258 na dirisha D000:

o 258 80
f d000:0 l 4000 55
o 258 81
f d000:0 l 4000 aa
o 258 80
d d000:0

Mstari wa kwanza unaweka ukurasa wa 0 dirishani (biti ya juu ya 80 ndiyo inayofungua), wa pili unaujaza 55, wa tatu unaleta ukurasa wa 1, wa nne unaujaza AA. Ukirudi ukurasa wa 0 na kuona 55 zimekaa, umeipata kadi: mlango ni sahihi na dirisha ni sahihi. Ukiona AA, memori ipo lakini kurasa hazibadiliki, yaani mlango si huo. Ukiona FF tupu, hakuna kilicho wazi hapo. Badilisha mlango, au jaribu E000 badala ya D000. Usitegemee amri ya i kusoma mlango, maana rejista za kadi nyingi huandikwa tu, hazisomeki. Na kuna kadi ambazo dirisha lenyewe huwekwa na dreva, si jampa. Hizo zitabaki FF mpaka dreva yake ipakiwe.

Kwa dreva, kadi zenye milango ya mtindo wa 258, 4258 jaribu kwanza REMM.SYS ya AST au EMM.SYS ya Above Board ya Intel. Iweke kwenye CONFIG.SYS kwa DEVICE=, na uiambie mlango na dirisha ulivyovipata. Dirisha lisigongane na BIOS ya kadi nyingine. VGA huchukua C0000 hadi C7FFF, BIOS ya diski ngumu ya XT mara nyingi C8000. D0000 huwa huru.

Na ujue unachopata. Programu isiyojua EMS haitaona hata baiti moja ya ziada. Lotus 1-2-3 ya toleo la 2 itaona.

SWALI: Kadi ile ile inafanya kazi kwenye sloti zote za XT yangu isipokuwa ile ya mwisho karibu na pawa saplai. Sloti imeharibika? – Msomaji, Njoro

JIBU: Haijaharibika. Sloti ya 8 ya IBM XT iliunganishwa tofauti: inangoja kadi itoe ishara kwenye B8 kwamba imeitwa, na kadi nyingi za memori hazitoi. Weka hapo kadi ya siriali ya XT yenye jampa ya sloti 8.

SWALI: Kwenye IBM PC 5150, bodi ya KB 256, kadi ya 384, kinatokea 5020 201. Siku nyingine inawaka, halafu katikati ya kazi kioo kinasimama na PARITY CHECK 2. Nibadilishe chipu zote? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Zote kwa nini? Mashine imekutajia moja. 201 ni kosa la memori. Tarakimu ya kwanza, 5, ni kipande cha KB 64 kinachoanzia 50000. Bodi yako inashika vipande 0 hadi 3, kadi inaanza na cha 4, kwa hiyo cha 5 ni safu ya pili ya kadi. Mbili za mwisho, 20, ni biti: 01 ni biti 0, 02 ni biti 1, 04 ni 2, 08 ni 3, 10 ni 4, 20 ni 5, 40 ni 6, 80 ni 7. Ingeandika 00, ni chipu ya pariti. PARITY CHECK 2 nayo inasema kosa limetoka kwenye kadi; la bodi kuu ni 1.

Ipi ni biti 5 kwenye safu? Data huingia kwa A2 hadi A9, na A2 ni biti 7, A9 ni biti 0. Biti 5 ni A4. Fuata A4 hadi kwenye 74LS245 (chipu ya kupitishia data) iliyo karibu na vidole, utoke upande wa pili, mpaka mguu wa 14 wa chipu mojawapo. Mguu wa 14 ndio unaotoa data kwenye 4164.

Usitupe chipu hiyo bado. Ing'oe taratibu, sugua miguu yake kwa raba ya penseli, irudishe, kisha ukandamize na nyingine zote, maana joto la kuwaka na kuzima huzisukuma zitoke kwenye soketi kidogo kidogo. Kosa likibaki, badilishana na chipu ya safu nyingine. Likihamia na chipu, chipu ni mbovu. Likibaki palepale, soketi au njia ya shaba ndiyo yenye neno. Ukiona FF badala ya biti moja, usiguse chipu; ni safu nzima haisikii, na shida ni swichi au SW2 inayodai memori ambayo haipo.

Mbadala wa 4164 ni 4164 yoyote ya nanosekunde 200 au chini, hata za viwanda tofauti kwenye safu moja. Mashine ya 4.77 MHz haina haraka. XT ya turbo ya 10 MHz ndiyo itakayotaka 120.

SWALI: Nina 286 na kadi ya biti 16 yenye nafasi nane za SIMM (vibao vidogo vya chipu za memori) za pini 30. Nikiiwasha na kadi, kioo ni cheusi. Nikiitoa kioo kinarudi. Shoti hakuna, nimepima. – Msomaji, Maseno

JIBU: Kadi yako ina dirisha la EMS na pengine limekaa D0000. Kwenye sloti ya biti 16, kadi hutangaza kwamba ni ya biti 16 kwa kidole D1, lakini hutangaza kwa kutazama nyaya za anwani 17 hadi 23 tu. Maana yake haiwezi kutofautisha chochote ndani ya kipande cha KB 128. C0000 hadi DFFFF ni kipande kimoja. BIOS ya kadi yako ya VGA iko C0000 na ni ya biti 8. Kadi ya memori ikisema "biti 16" kwa niaba ya wote, prosesa inasoma takataka na kioo hakiwaki.

Tafuta jampa inayokatisha mstari wa D1. Ikiondolewa, kadi itafanya kazi kwa biti 8, polepole lakini salama. Au hamishia dirisha E0000 ikiwa bodi yako haitumii eneo hilo kwa BIOS. Ikiwa hutaki EMS kabisa, zima dirisha na upange memori yote ianzie 100000, yaani KB 1024, kisha ingia kwenye setapu ya mashine na uandike KB za ziada. Baada ya hapo HIMEM.SYS itaiona.

SIMM ziende mbili mbili, kwa sababu kila moja inatoa biti nane. Jaza jozi ya kwanza kabla ya ya pili. Ukichagua za MB 1, chukua zenye chipu tisa kuliko zenye tatu. Chipu za 1M×1 huburudishwa (data huandikwa upya kila mara ili isipotee) mistari 512. Za 1M×4 zilizo kwenye SIMM ya chipu tatu zinataka 1024, na kadi ya zamani inayohesabu 512 pekee itaziacha nusu zisahau. Zitapita jaribio la kuwaka, halafu zitaanguka baada ya dakika chache.